Likizo Hii, Nendeni Mkalale Rungwe na Nyasa

Salamu ya Wanyakyusa ni "Ugonile". Ukimsalimu mtu unayemheshimu, au watu wengi kwa pamoja, unasema "Mugonile". Ndani yake kuna swali: mmelala? Nimeikumbuka salamu hii kwa sababu wengi wetu tunaoijua barabara ya kutoka Uyole kwenda Kasumulu hatuna jibu lake. Sisi tunapita. Basi linashuka kutoka Isyonje katikati ya ukungu, abiria anafungua dirisha pale Kiwira, ananunua ndizi na parachichi, anaupiga picha Mlima Rungwe ikiwa mawingu yamefunguka, na jioni yuko mpakani au amesharudi Mbeya mjini. Ndugu msomaji, nakuandikia kukuomba kwamba likizo yako ijayo usipite. Nenda na watu wako mkalale.

Mfanyakazi wa Tanzania ana haki ya siku 28 za likizo kwa mwaka. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Najua siku hizo zinakwenda wapi: msiba, harusi, msingi wa nyumba unaosubiri zege, mtoto anayetafutiwa shule. Hizo ni shughuli za wajibu, na mimi pia nimemalizia siku zangu huko miaka mingi. Naomba siku tano tu kati ya hizo 28. Ziwe za familia kukaa pamoja bila shughuli, katika nchi ya maziwa na milima ambayo ni ya kwetu wenyewe na ambayo wageni kutoka mbali hufunga safari ya maelfu ya kilometa kuja kuiona.

Tazama inavyopangika. Maji ya Ziwa Nyasa pale Matema yako mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina cha ziwa hilo, mahali penye kina kirefu zaidi, kinazidi mita 700. Ufukwe wenyewe umeegemea Milima ya Livingstone, ambayo inapanda wima kutoka majini kana kwamba haikuachiwa nafasi ya kusimama. Kaskazini-magharibi mwa ufukwe huo kuna Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960. Upande wa mashariki wa mlima huo kuna uwanda wa Kitulo, wenye nyasi na baridi kali, kwenye mita 2,600. Mawingu yanayopanda kutoka ziwani yanagonga milima hii na kumwaga mvua, ndiyo maana mji wa Tukuyu hupata zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka, na ndiyo maana migomba, chai na kahawa vinastawi juu huku mpunga na kakao vikistawi bondeni Kyela. Familia inaweza kuamkia ndani ya masweta na kuogelea ziwani kabla jua halijazama siku hiyohiyo.

Sasa tupange. Kosa kubwa ninaloliona ni kutaka kuona kila kitu kwa siku mbili. Watu wanaandika orodha ndefu: Ngosi, Daraja la Mungu, Kijungu, Kaporogwe, Masoko, Matema, Kitulo. Kisha wanakodi gari, wanakimbia nalo, watoto wanatapika kwenye kona, na kila mahali wanakaa dakika ishirini. Chagueni sehemu mbili. Laleni siku mbili au tatu Tukuyu na mbili Matema, au laleni Matamba kwa ajili ya Kitulo na Tukuyu kwa ajili ya mlima. Mengine yatawasubiri mwaka mwingine.

Baada ya hapo, angalieni kalenda ya mvua kabla ya kuangalia ya ofisini. Mvua za huko huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Likizo ya shule ya Desemba inaangukia ndani yake, na ya Juni inaangukia kwenye kiangazi chenye baridi. Kila moja ina utamu wake. Mkienda Juni au Julai, njia za kupanda milimani ni kavu na ziwa linapendeza, ila chukueni nguo nzito kwa sababu kule Kitulo umande huganda. Mkienda kati ya mwisho wa Desemba na Aprili, njia zinateleza na gambuti ni lazima, lakini mtakuta kitu ambacho mtoto hatakisahau.

Kitu hicho ni maua. Kitulo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na ndiyo ya kwanza katika nchi za Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa sababu ya mimea yake. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Hakuna simba wala tembo wa kusubiriwa. Kuna uwanda mzima uliogeuka njano, zambarau, nyeupe na nyekundu, na kati ya maua hayo kuna aina zaidi ya arobaini za okidi, nyingine zisizoota mahali pengine popote. Mgeni anashuka garini na kutembea atakavyo, jambo ambalo hifadhi nyingi za wanyama haziruhusu. Njia ya kupandia kutoka Chimala hadi Matamba inaitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake. Mpeni dereva muda.

Na hapa nataka kusema jambo linaloniuma. Chini ya okidi hizi kuna viazi vidogo. Kwa miaka mingi vimechimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kinachoitwa chikanda. Anayechimba si mtu mbaya. Ni mtu mwenye watoto, aliyeona kwamba ua likiwa hai halimletei chochote na likifa linamletea pesa ya chumvi na daftari. Ulinzi wa askari peke yake haujibu hoja hiyo. Jibu ni wewe kufika. Ukilala kwenye nyumba ya wageni Matamba, ukala viazi na maharage ya pale, ukamlipa kijana wa pale akakuonyesha okidi zinapoota, ua lililo hai limeanza kulipa. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni wa ng'ambo, kwa hiyo tusiseme kwamba hifadhi ni za wazungu.

Ziwa Ngosi nalo lina somo kama hilo. Ni ziwa lililotulia ndani ya kasoko ya volkano katika Milima ya Uporoto, rangi yake kijani kibichi, na hulioni kabisa mpaka umefika ukingoni. Mnapanda msituni, kwenye matope na migomba mwitu, kisha ardhi inaisha ghafla miguuni na maji yako chini kabisa. Chukueni mwongozaji kutoka vijiji vya jirani, pataneni naye bei kabla ya kuanza, na mlipeni mnavyokubaliana. Msiwalipe watoto wanaopaswa kuwa darasani. Kushuka hadi majini si kwa wenye watoto wadogo. Ukingo ni mkali na mvua ikinyesha haushikiki.

Mkiwa na siku ya ziada, ingieni kwenye msitu wa Mlima Rungwe, uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009 na unaotunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Humo anaishi kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kima huyu na kumwita kwa jina hilo siku zote. Watafiti walifuata masimulizi yao, wakamwona mwaka 2003, wakamtangaza kwa dunia mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikabainika kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe. Haishi nje ya Tanzania. Yawezekana msimwone, ni mwoga na anapenda juu ya miti, lakini mwambieni mtoto kwamba sayansi ilifika pale kwa kuwasikiliza wazee wa kijiji.

Matema ndipo ningependa mkae zaidi. Mkifika Jumamosi, nendeni soko la Lyulilo kando ya ziwa, ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Vyungu vyepesi, vyenye mapambo ya udongo mweupe na mwekundu, vinavyopikiwa kweli. Nunueni viwili, msivipunguzie bei hadi muuzaji ainamishe kichwa. Amefinyanga kwa mikono, amechoma, na amevivusha majini. Kuleni wali wa Kyela pale unapotoka, kwa samaki wa ziwani. Ila mkiuziwa mbasa, ulizeni kwanza kama ni msimu wake wa kupanda mitoni kutaga mayai, wakati wa mvua. Mbasa aliyekamatwa na mayai mdomoni mwa mto ni samaki wa mwaka kesho. Hapo mkataeni, mwagize dagaa.

Tahadhari ni chache. Bondeni kuna malaria, kwa hiyo laleni ndani ya chandarua. Ziwa lina kichocho, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Ogeni penye mchanga na mawimbi, na baada ya wiki kadhaa pimeni afya. Watoto wasiogelee karibu na midomo ya mito, kwani mamba wapo. Kwenye boti dai boya la kujiokolea, na likikosekana, shuka.

Kuhusu taka, nasema kwa uchungu. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na tulifanya vizuri. Chupa za maji zimebaki. Nimeziona kwenye njia ya Ngosi, zimesukumwa chini ya mizizi kana kwamba msitu utazimeza. Beba chupa moja ya kujaza tena. Kila kilichopanda na wewe kishuke na wewe, pamoja na cha mwenzako aliyesahau.

Wenyeji wa Rungwe na Kyela, nanyi nawaomba. Andikeni bei ya chumba mlangoni, iwe ileile kwa anayetoka Dar na anayetoka Mbeya. Wekeni maji chooni. Mpikieni mgeni ndizi kama mnavyopika nyumbani. Chipsi amezila njia nzima.

Kwako msomaji, kazi ya leo ni ndogo. Kaeni mezani na watoto, chagueni Juni au Desemba, gawaneni gharama na ndugu au majirani ili gari moja libebe familia mbili, na pigeni simu mapema kuulizia vyumba, kwa sababu Tukuyu na Matema hazina vingi. Kisha peleka fomu ya likizo ofisini kabla wenzako hawajazijaza tarehe hizo.