Tezi, Omo na Ngama: Nusu Siku ya Safari ya Takwa

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya asiyeijua methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huikariri, huitungia insha, huitolea maana ya nje na ya ndani, na aghalabu hutunukiwa alama zote. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo akiulizwa tezi ni nini, omo ni wapi na ngamani kuna nini, yamkini atanyamaza. Wapo hata wanaoyaandika maneno hayo kwa herufi kubwa, Tezi, Omo na Ngamani, kana kwamba ni miji mitatu ya pwani ambayo msafiri huizungukia kwa basi.

Jawabu la swali hilo hupatikana Lamu kwa muda usiozidi nusu siku. Katika gati ya mji wa kale na katika ufuo wa Shela, manahodha hukodisha mashua nzima kwa kikundi kimoja: watu wanne, sita au wanane, bei ikiwa ni ya mapatano. Safari inayopendwa mno ni ya kwenda kisiwa cha Manda. Mashua huvuka mlango wa bahari unaotenganisha Lamu na Manda, huingia katika mkono wa bahari uliosongwa na mikoko, na abiria hushuka kwenye magofu ya Takwa. Baada ya kuyazuru hurejea majini, wakaogelea katika fukwe za Manda zinazokabiliana na Shela, wakala samaki wa kuchoma, kisha wakarudishwa walikotoka. Asiyetosheka na hayo huenda mbali zaidi, hadi Manda Toto, lakini huko kwa tanga kwataka siku nzima.

Safari hii huuzwa kama burudani, na si vibaya. Walakini, kwa mtu aliyejitwika jukumu la kuisoma lugha ya Kiswahili chuoni, safari hii ni darasa ambalo vyuo vingi havijaliingia. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hata hao wachache wanaolipanda darasa hilo hulipanda kwa Kiingereza. Kikundi cha Wakenya kutoka bara kinapofika gatini na kuanza kuulizia bei kwa Kiingereza, nahodha, ambaye amejifunza biashara yake kwa kuwahudumia Wazungu, hujibu kwa lugha hiyo hiyo. Kuanzia hapo hadi jioni mzawa wa Kiamu hujikongoja katika lugha isiyo yake mbele ya watu ambao nao si yao, ilhali pande zote mbili zina lugha moja.

Hasara ya jambo hili huanza kabla ya chombo kung'oa nanga. Mkono wa bahari uendao Takwa hukauka maji yanapopwa, hivyo mashua haina budi kuingia maji yakiwa yamejaa na kutoka kabla hayajapwa. Nusu siku ya safari hii, kwa hiyo, si ya saa ya mkononi. Maji hujaa kwa takriban saa sita na kupwa kwa muda kama huo, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika hamsini. Mgeni akitaka kujua ni saa ngapi kesho wataondoka, nahodha huuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Mwezi ukiandama, na pia ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua, hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, ambayo hayana nguvu ya kujaa wala ya kupwa. Haya yote nahodha huyaeleza kwa Kiswahili bila kutafuta neno. Akitakiwa kuyaeleza kwa Kiingereza, husema tu kwamba maji yatakuwa "makubwa" au "madogo", na mazungumzo hukomea hapo.

Tanga likitwekwa, msamiati hufunguka. Kuna mlingoti na kuna foromali, yaani mti ulalao juu ukalishikilia tanga. Kuna henza, kamba ya kupandishia hiyo foromali. Kuna demani, kamba ya kulizuia tanga lisiachiwe na upepo, na neno hilo hilo hutaja upande wa chombo usiopigwa na upepo, ule upigwao ukiwa wa joshini. Demani tena ni jina la majira ya mwaka kusi inapolegea. Upepo ukiwa wa mbele, chombo hubisha: huenda upande huu, kikageuzwa, kikaenda upande wa pili, hadi kikafika. Mwanafunzi ajuaye kubisha hodi na kubisha hoja hukutana hapo na kubisha kwa tatu. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Ngama je? Ni chini kabisa, ndani ya tumbo la chombo, pale maji yapenyayo kwenye mbao hukusanyika. Mara kwa mara kijana wa chombo huinama akayatoa kwa upo. Maji hayo, chombo kiinamie omo au tezi, hayaishi kurudi ngamani. Mtu akiyatazama kwa dakika tano huielewa methali aliyoikariri kwa miaka minne.

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani? Si kila msemaji wa Kiswahili ni baharia, kama vile si kila msemaji wa Kikuyu au Kiluhya anavyojua istilahi zote za kilimo. Hoja hii ina uzito, na ingekubalika kama Kiswahili cha bara kingekuwa kimeyaacha maneno ya bahari. Lakini hakijayaacha. Magazeti huandika kwamba ligi imeng'oa nanga, mkutano umetia nanga, chama kimekwenda mrama, mgombea ameshika usukani, magari mawili yamepigana dafrau. Lugha inaishi kwa mafumbo ya chombo, huku watumiaji wake wengi hawajapata kukiona chombo kikienda mrama. Tamathali ikitengana na kitu kilichoizaa hubaki kuwa ganda. Watahini wanaosahihisha insha zilizojaa misemo iliyotumiwa kombo wanalijua hilo bila kuambiwa.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, aliliona jambo hili mapema. Utenzi wake, Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unahusu chombo cha Lamu na istilahi zake, kwa nia ya kuyahifadhi maneno yasije yakapotea. Wanafunzi wengi humjua Nabhany kwa istilahi mpya alizobuni, nao hupenda kubishana iwapo zinafaa au hazifai. Wachache humjua kwa ile kazi ya pili, ya kuokota ya kale. Kitabu kile, kwa uzuri wake wote, si rahisi kukifuata ukiwa umeketi maktabani Njoro au Maseno. Ukisomwa ndani ya mashua, fumbo lake hupungua nusu.

Takwa kwenyewe mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa hapo si msamiati pekee unaopotea. Mji huo ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa. Sababu zinazotajwa ni nyingi: maji ya visima kuingia chumvi, ugomvi na Pate, maradhi. Ukuta wake ungali unaonekana, pamoja na msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na nyumba za matumbawe na chokaa. Nje kidogo lipo kaburi lenye mnara, na maandishi yake ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1680. Inasimuliwa kwamba waliohama walivuka wakaenda Shela, na watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kaburi hilo kwa dua, hususan dua ya kuomba mvua. Takwa, basi, si "mji uliopotea" kama wageni wanavyoambiwa. Mji hauwezi kuitwa uliopotea ilhali wenyewe wako ng'ambo ya maji na wanajua njia ya kuuendea.

Mgeni huambiwa pia, tena mara nyingi, kwamba mji huu ulijengwa na Waarabu. Simulizi hii haikuanzia kwa manahodha. James Kirkman, aliyechimbua Takwa mwaka 1951, ndiye aliyechapisha mwaka 1954 kitabu juu ya Gedi ambacho jina lake liliuita mji huo wa Kiarabu. Tangu hapo elimu imesonga mbele. Uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, uliufukua msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8, katikati ya makazi ya wenyeji. Nao utafiti wa chembe za urithi kutoka makaburi ya kale ya pwani, Manda ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa wengi wa waliochunguzwa walikuwa mchanganyiko: kuukeni walitokana hasa na Waafrika, na kuumeni wengi wao walitokana na watu wa Asia, hususan Waajemi. Mgala muue na haki yake mpe: waliosema kwamba wageni walikuwapo hawakukosea. Walichokosea ni kuwasahau kina mama. Na lugha iliyosemwa nyumbani, ikarithiwa hadi leo, ni Kibantu kwa sarufi yake.

Ni ajabu, basi, kwamba katika gofu lile lile ambalo ni ushahidi wa asili ya Waswahili, habari zao husimuliwa kwa lugha nyingine, zikiwa zimepunguzwa zikatoshea dakika arubaini kabla ya kwenda kuogelea. Ukiwa Takwa, sema daka, ile sebule ya mlangoni ambapo mgeni hupokewa asiingie ndani; sema zidaka, vile vijishubaka vya ukutani; sema kiwanda, ule uwanja ulio wazi ndani ya nyumba, kabla neno hilo halijakabidhiwa mashine na moshi. Mwanafunzi aliyesoma Al-Inkishafi huyatambua magofu haya mara moja, ingawa mtunzi aliililia Pate na si Takwa. Kwa Kiingereza, zidaka ni matundu tu ya ukutani. Kwa Kiswahili, ni pale palipowekwa vyombo vya fahari, kisha wakaja kulala ndege.

Upo pia upungufu wa adabu, ambao huletwa na ule mpango wa kuunganisha ziara na kuogelea. Baadhi ya wageni hushuka Takwa wakiwa tayari katika mavazi ya kuogelea, wakaingia msikitini na kupiga picha kaburini. Nahodha huona haya, lakini hasemi, kwa kuwa hajui namna ya kumkataza mtu katika lugha ya kuazima bila kumwudhi, na mkono mtupu haulambwi. Kwa Kiswahili angesema, na angesema kwa upole ambao lugha yake imemfunza: "Wanangu, hapa tujistiri kidogo, pana wazee wamelala." Hakuna mwanafunzi ambaye angekasirika.

Haitakuwa haki kuwalaumu manahodha. Wageni walipungua baada ya utekaji nyara wa mwaka 2011 na mashambulizi ya mwaka 2014, wakapungua tena janga la korona lilipoingia mwaka 2020. Mtu ambaye tanga lake limekaa miezi bila kutwekwa hawezi kudaiwa awe mlinzi wa lugha bila malipo. Lawama ni ya wale ambao kazi yao ni lugha. Idara za Kiswahili hutenga fedha za makongamano, na tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, hutenga pia za fulana, mabango na hotuba. Somo la lahaja hufundishwa kwa majedwali: Kiamu husema nti, Kiunguja nchi, Kiamu husema ndia, Kiunguja njia, mato, macho. Mwanafunzi huyakariri kama anavyokariri methali ya tezi na omo, akafaulu, asijue kwamba lipo gati ambapo maneno hayo hutamkwa kuanzia alfajiri na watu walio tayari kuzungumza.

Si lazima jambo hili lingoje kamati. Chama cha wanafunzi kinachokwenda Lamu kinaweza kufanya mapatano na nahodha katika ufuo wa Shela jioni ya kuamkia safari: kwamba maneno yote yatakuwa ya Kiswahili, kwamba ya Kiamu hayatasanifishwa kwa ajili ya wageni, na kwamba malipo ya usimulizi yatakuwa sawa na yale anayolipwa na Mzungu, kwani ni kazi ile ile na hapa anaifanya vyema zaidi. Takwa itangulie, kuogelea kufuate. Mmoja apewe daftari, mwingine apewe upo. Na kwa kuwa bamvua ndiyo iujazayo vyema ule mkono wa bahari, tarehe isichaguliwe kwa kalenda ya ukutani ofisini. Mtu apige simu kwanza, aulize mwezi utaandama lini.