Tusichanganye Taji na Msalaba



Wakatoliki wengi humtaja Mary Stuart, malkia wa Uskoti aliyekatwa kichwa nchini Uingereza tarehe 8 Februari 1587, kuwa ni shahidi wa imani. Wengine humwita mla njama tu. Kwa maoni yetu, majina hayo mawili yote yaficha fundisho kuu la maisha yake: dai la kiti cha enzi likifungwa kamba moja na imani, imani ndiyo inayoburutwa.

Mary alizaliwa mwaka 1542, akawa malkia akiwa na umri wa siku 6, baba yake alipofariki. Bibi yake mzaa baba, Margaret Tudor, alikuwa dada wa Henry VIII, mfalme wa Uingereza. Tena, Wakatoliki wengi hawakuitambua ndoa ya Henry na Anne Boleyn, mama yake Elizabeth. Machoni pao Elizabeth hakuwa mtoto wa ndoa halali, na Mary ndiye aliyekuwa mrithi wa haki. Elizabeth alipoingia katika utawala mwaka 1558, Mary, aliyekuwa ameolewa na mrithi wa kiti cha Ufaransa, alianza kutumia nembo ya Uingereza pamoja na zake. Elizabeth hakulisahau jambo hilo.

Je, Mary alipoteza taji la Uskoti kwa sababu ya imani yake? Si kwa sababu hiyo peke yake. Mume wake wa pili, Henry Darnley, aliuawa mjini Edinburgh mwezi Februari 1567. Miezi 3 baadaye Mary aliolewa na Bothwell, mtu aliyeshukiwa na wengi kwa mauaji hayo, na ndoa hiyo ilifungwa kwa ibada ya Kiprotestanti. Wakuu wa nchi waliinuka, wakamfunga katika kisiwa cha Lochleven, wakamlazimisha kumwachia taji mwanawe James, mtoto wa mwaka 1. Alitoroka, akashindwa vitani huko Langside, na mwezi Mei 1568 akavuka kuingia Uingereza kuomba msaada wa Elizabeth, jamaa yake.

Hapo ndipo yalipoanza mateso ya wengi. Malkia asiye na nchi wala jeshi aliwekwa kizuizini miaka ipatayo 19, lakini jina lake pekee lilikuwa kama jeshi. Mwaka 1569 wakuu wawili wa kaskazini waliasi, wakitaka kurudisha Misa na kumwokoa Mary. Waliposhindwa, wao walikimbilia Uskoti. Watu wa kawaida waliowafuata walinyongwa kwa mamia. Mwaka 1570 Papa Pius V alimtenga Elizabeth na Kanisa, akawafungua raia wake katika wajibu wa kumtii. Tangu hapo, kila Mkatoliki wa Uingereza alitazamwa kama mtu aliyeficha silaha.

Mtazameni Edmund Campion, padri Mjesuiti. Alisema alikuja kwa ajili ya roho za watu, si siasa. Alimkiri Elizabeth kuwa malkia wake. Hata hivyo, alinyongwa London mwaka 1581 kwa kosa la uhaini. Mwaka 1585 sheria ikatangaza kwamba padri Mwingereza aliyepewa daraja ng'ambo akionekana nchini ni mhaini. Dai la mmoja lilikuwa limegeuka kuwa mashtaka ya wote.

Mwisho wake uliletwa na kijana mwenzenu kwa umri. Anthony Babington, mwenye miaka 24, alimwandikia Mary juu ya mpango wa kumwokoa na kumuua Elizabeth. Barua zilipitishwa zimefichwa katika mapipa ya bia, lakini Walsingham, waziri wa Elizabeth, alizisoma zote; njia yenyewe ilikuwa mtego wake. Babington na wenzake 13 waliuawa mwezi Septemba 1586. Mary alikana mbele ya waamuzi kwamba aliamuru kifo cha Elizabeth, lakini alihukumiwa.

Tuwe waadilifu: alikufa vizuri. Alikataa sala za kiongozi wa Kiprotestanti, akasali kwa Kilatini, akamsamehe aliyemkata kichwa. Kifo hicho twakiheshimu. Lakini Kanisa lilimtangaza Campion kuwa mtakatifu mwaka 1970, Mary halijamtangaza. Padri yule hakudai kitu ila uhuru wa kuhubiri. Malkia alidai pia taji.

Na taji lile lilikwenda wapi? Mwaka 1603, Elizabeth alipofariki, lilimwendea James, mwana wa Mary, aliyelelewa katika Uprotestanti. Hakuvuta upanga. Kitu ambacho Babington alikifia kilifika mikononi mwa ukoo uleule, bila faida yoyote kwa imani aliyodhani anaitetea.

Kwa hiyo, vijana, mtu akija kwenu na dai lake la kutawala, akalifunika kwa jina la Mungu, msikimbilie kumwita mwongo. Huenda dai lake ni la haki, kama la Mary lilivyoweza kuwa. Lakini muulizeni: likishindwa, nani atanyongwa? Akikosa jibu, asipewe ujana wenu.