Kukisia ufunguo wa Bitcoin ni kulima juu ya mwamba

MSIMU wa mavuno ndio wakati ambao mkulima anashika fedha nyingi kwa mkupuo, na ndio wakati ambao matapeli nao huingia kijijini. Zamani walikuja na karata tatu, wakaja na upatu, kisha wakaja na ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa wapo wanaouza programu za kompyuta na simu zinazodaiwa kukisia funguo za siri za sarafu za kidijitali kama Bitcoin, ili mnunuzi ajichotee fedha ambazo wenyewe wamezipoteza.

Maelezo yao ni matamu na yana chembe ya ukweli ndani yake. Wanasema zipo pochi za kidijitali zenye mamilioni ya dola ambazo wenyewe hawawezi tena kuzifungua. Hilo ni kweli. Wanasema programu yao inajaribu maelfu ya funguo kila sekunde, usiku na mchana. Hilo nalo linawezekana. Kisha wanamalizia kwamba ukilipia programu na kuiacha kompyuta ikiwaka, ipo siku itagonga. Hapo ndipo uongo ulipo.

Msimamo wetu ni kwamba mkulima au mfanyabiashara mdogo asitoe hata senti moja kununua kitu hicho. Hatusemi hivyo kwa sababu tunaogopa teknolojia mpya. Tunasema hivyo kwa sababu ya hesabu, na hesabu yenyewe kila mmoja anaweza kuifuata.

Ufunguo wa siri ni nini?

Tuanze na kitu tunachokijua. Namba ya siri ya akaunti ya fedha kwenye simu huwa na tarakimu nne. Kuanzia 0000 hadi 9999 kuna namba 10,000 tu. Mtu mwenye subira anaweza kuzijaribu zote kwa siku chache. Kinachomzuia ni kampuni ya simu, ambayo hufunga akaunti baada ya kukosea mara chache.

Bitcoin, iliyoanza kutumika Januari 2009, haina kampuni ya kumfungia mtu anayekosea. Unaweza kujaribu utakavyo, bila kuomba ruhusa na bila mtu kujua. Ulinzi wake pekee ni ukubwa wa namba. Ufunguo wa siri wa Bitcoin ni namba moja iliyochaguliwa bila mpangilio kati ya namba nyingi mno, kiasi kwamba idadi yake ikiandikwa ina tarakimu 78.

Kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kukariri namba ya namna hiyo, pochi nyingi humpa mtumiaji maneno 12 au 24 yanayochaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048. Maneno hayo ndiyo yanayozaa funguo zake. Mwenye maneno ndiye mwenye fedha.

Ili tusionekane tunawaonea wauza programu, tuchukue njia iliyo rahisi kwao, yaani pochi ya maneno 12. Wataalamu wanasema ina nguvu ya biti 128. Maana yake ni kwamba idadi ya pochi zinazowezekana hupatikana kwa kuchukua moja, ukaizidisha kwa mbili, ukazidisha tena kwa mbili, hivyo hivyo mara 128.

Punje moja ya mahindi

Mara 128 inasikika kama namba ndogo. Basi tuipime kwa mahindi. Chukua punje moja yenye uzito wa gramu 0.3. Izidishe kwa mbili, zikawa punje mbili. Zidisha tena, zikawa nne. Ukifanya hivyo mara 18 unapata punje 262,144, ambazo ni karibu gunia moja la kilo 80. Ukifika mara 28 una magunia 1,000 hivi, mali ya kumfanya mtu aitwe tajiri kijijini.

Endelea. Ukifika mara 52 una tani bilioni 1.3 na ushei, ambazo zinazidi mahindi yote yanayovunwa duniani kwa mwaka, yaani tani takriban bilioni 1.2. Ukifika mara 94 mahindi yako yana uzito unaokaribia ule wa dunia nzima, pamoja na milima na bahari zake. Ukifika mara 113 yamelizidi jua kwa uzito. Na bado hujafika mara 128.

Sasa mnunuzi wa programu anaambiwa kwamba ndani ya lundo hilo kuna punje chache zenye alama, naye ataziokota moja moja mpaka apate mojawapo.

Watetezi wa biashara hii hujibu kwamba wao hawatafuti pochi fulani, bali pochi yoyote yenye fedha. Ni hoja ya haki, nayo tuipigie hesabu. Tuseme pochi zenye fedha ni milioni 100. Tuseme pia kompyuta ya mnunuzi inajaribu maneno kwa kasi ya mara bilioni moja kwa sekunde. Kasi hiyo ni zawadi tunayompa, kwani kwa utaratibu unaotumiwa na pochi nyingi kila jaribio hupitishwa kwenye hesabu zilizorudiwa mara 2,048 ili kumchelewesha mkisiaji, na kompyuta ya nyumbani haifiki hata karibu na kasi hiyo. Pamoja na upendeleo wote huo, muda wa kutarajia kupata pochi moja ni zaidi ya miaka trilioni 100. Umri wa ulimwengu huu, kwa makadirio ya wanasayansi, ni miaka bilioni 13.8.

Akinunua kompyuta ya pili, muda unapungua kwa nusu. Akinunua 1,000, anabaki na miaka bilioni 100. Hakuna mtaji wa mkulima, wala wa benki, unaoweza kuziba pengo hilo.

Gharama, kwa upande wake, haisubiri miaka trilioni. Kompyuta inayotumia wati 200 ikiwashwa mchana na usiku hula uniti 144 za umeme kwa mwezi. Kila msomaji azidishe idadi hiyo kwa bei anayonunulia luku. Fedha hiyo inatoka kila mwezi bila kukosa, wakati pato linalotarajiwa, kwa lugha ya uchumi, ni sifuri. Uniti hizo hizo zingeweza kuendesha mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga, biashara ambayo ina hatari zake lakini ina mavuno.

Jaribio lililofanyika kweli

Asiyeamini hesabu za karatasi na atazame jaribio halisi. Mwaka 2015 mtu asiyejulikana aliweka Bitcoin kwenye mfululizo wa anwani ambazo funguo zake alizifanya dhaifu kwa makusudi, kuanzia biti 1 kwenda juu, ili aone watu wataweza kukisia mpaka wapi. Zawadi ni ya kweli na washindani, wenye mitambo mingi na ya gharama kubwa, wapo duniani kote. Ule wa biti 66 ulipatikana mwaka 2024, zaidi ya miaka tisa baadaye, na wa 67 mwaka uliofuata.

Kutoka biti 66 hadi 128 ni kuzidisha kwa mbili mara nyingine 62. Msomaji akumbuke kwamba mara 52 tu zilitosha kutoka punje moja hadi kuyapita mavuno ya mahindi ya dunia nzima.

Mbona basi watu huibiwa?

Swali hili ni la msingi, na jibu lake ndilo linalowapa matapeli pa kujificha. Watu huibiwa, tena sana. Lakini mwizi hapiti kwenye ukubwa wa namba. Hupitia kwenye uzembe uliofanyika wakati wa kuitengeneza namba hiyo, au kwa mwenye ufunguo mwenyewe.

Mwaka 2013 iligundulika kasoro katika simu za Android iliyofanya baadhi ya pochi za Bitcoin zitumie namba zinazoweza kujirudia. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyopata funguo 732 za sarafu ya Ethereum zilizokuwa dhaifu mno, na wakakuta kuna mwizi aliyekuwa akizifagia pochi za namna hiyo kila fedha ilipoingia. Mwaka 2023 iligundulika kwamba programu moja ya kutengenezea maneno ya siri, iitwayo Libbitcoin Explorer, ilikuwa ikichagua kutoka namba bilioni 4.3 tu. Bilioni 4.3 ni mara 32 za kuzidisha kwa mbili, kazi ndogo kwa kompyuta ya kawaida. Fedha za watu ziliibwa.

Zipo pia habari za watu waliorudishiwa mali yao. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba wataalamu wawili walifungua pochi yenye Bitcoin 43.6 iliyokuwa imefungwa tangu mwaka 2013. Hawakukisia ufunguo wake. Waligundua kwamba programu iliyotengeneza neno la siri la pochi hiyo wakati ule ilifuata saa na tarehe ya kompyuta, wakairudisha saa nyuma na kuzaa maneno ya siri ya siku zile. Walifanikiwa kwa sababu palikuwa na kosa, na kwa sababu mwenye mali alikuwa amelihifadhi faili lenyewe.

Pasipo kosa, hata mtaalamu hukaa chini. Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta anayeishi Marekani, alieleza mwaka 2021 kwamba ana Bitcoin 7,002 zilizofungwa kwenye kifaa kinachoruhusu majaribio 10 tu ya neno la siri, na alikuwa ameshatumia manane. James Howells wa Newport, Wales, ambaye diski yake yenye ufunguo ilitupwa dampo mwaka 2013, alihangaika miaka mingi kuomba kibali cha kulichimbua dampo hilo, hadi Mahakama Kuu ya Uingereza ilipoitupa kesi yake Januari 2025. Kama kukisia kungewezekana, asingehangaika na takataka.

Wapo wanaotaja kompyuta za kwanta. Ni kweli kwamba mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha njia ambayo kompyuta ya namna hiyo, ikiwa kubwa vya kutosha, ingeweza kuvunja aina ya hesabu inayotumiwa na Bitcoin. Lakini hiyo si njia ya kukisia, na mashine ya ukubwa huo bado haijatengenezwa. Ikitengenezwa, haitauzwa kwa njia ya ujumbe wa simu.

Biashara yao halisi

Kama programu haiwezi kupata ufunguo, muuzaji anapata nini? Kwanza anapata bei ya programu. Pili, mara nyingi programu yenyewe hubeba kirusi kinachopekua kompyuta au simu ya mnunuzi, hivyo anayedhani anawinda pochi za wengine huwindwa yeye. Tatu, kuna "ada ya kufungulia". Mnunuzi huonyeshwa kwenye kioo kwamba pochi imepatikana, ila atume kwanza kodi au ada ndipo fedha zitoke.

Upo pia mtego ambao mtu anayejifanya mgeni wa mambo haya huacha wazi maneno yake ya siri, na pochi kweli ina dola. Ili kuzitoa unatakiwa uweke kiasi kidogo cha sarafu ya kulipia ada. Ukiweka tu, kinahamishwa papo hapo, kwa sababu pochi hiyo imetengenezwa ihitaji idhini ya ufunguo mwingine ambao huna. Anayenasa hapo ni yule aliyeingiwa na tamaa ya mali ya mwenzake.

Waliokwisha kuibiwa nao huwindwa mara ya pili. Agosti 2023 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitahadharisha kuhusu watu wanaodai kurejesha sarafu za kidijitali zilizoibwa kwa malipo ya awali.

Tunashauri nini

Kwa aliye na sarafu hizi, aandike maneno yake kwenye karatasi, nakala mbili, aziweke mahali tofauti pasipofikiwa na moto wala mchwa. Asiyapige picha, asiyatume kwa simu, na asimpe mtu yeyote anayejiita huduma kwa wateja. Hakuna benki ya kwenda kubadilishia ufunguo. Aliyepoteza maneno yote 12 na hana nakala, ahesabu kwamba ng'ombe ameshakufa na asiongeze gharama za mganga.

Kwa asiyekuwa nazo, asidanganywe na hoja kwamba Serikali imezihalalisha kwa kuzitoza kodi. Nchini Tanzania Benki Kuu ilitoa tahadhari dhidi ya sarafu hizi Novemba 2019, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kodi hiyo haimlindi aliyetapeliwa. Kenya imepitisha mwaka 2025 sheria ya kusimamia watoa huduma wa mali hizo, lakini hakuna sheria inayoweza kuifupisha namba yenye tarakimu 78.

Kwa viongozi wa vyama vya ushirika na saccos, tunaomba hesabu ya punje ya mahindi isomwe kwenye mikutano kabla ya malipo ya msimu. Maofisa ugani wanasikilizwa vijijini kuliko matangazo ya redio. Nao wapewe maelezo haya. Namba za simu za wanaouza programu hizi zipelekwe polisi na kwa mamlaka ya mawasiliano.

Mwaka 2009, Serikali ilipoifunga DECI, maelfu ya watu walikuwa wameshapanda humo "mbegu" za fedha zao, wengi bila kuuliza faida ingetoka wapi. Safari hii swali la kuuliza ni jepesi zaidi. Mtu mwenye mashine inayoweza kuokota mamilioni ya dola usiku na mchana, ana shida gani mpaka akuuzie wewe?