Tusiwakane Wazee Wetu



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni hili: sisi wanafunzi tunawaonea haya wazee wetu. Sisemi hivi ili kuwalaumu wenzangu, kwani mkosaji wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa Mbarabaig wa chini ya mlima Hanang. Mwaka aliozaliwa hakuujua, ila alijua kwamba Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 yeye alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Hakuingia darasani hata siku moja. Mali yake ilikuwa ng'ombe, wake zake wawili, watoto, na sisi wajukuu, ambao alitujua kila mmoja kwa tabia yake. Jioni hakula mpaka ameuliza, "Nani hajarudi?" Na kama mmoja wetu alikuwa hajarudi, chakula kilingoja.

Wakati wa kiangazi alitupeleka pamoja na ng'ombe mpaka Ziwa Balangida. Maji ya ziwa hilo ni ya chumvi, na yakipungua huacha ukingo mweupe kama unga uliomwagika. Hapo alitufundisha mahali pa kunywesha ng'ombe maji matamu na mahali pa kuwalambisha chumvi, na majani ya kuwapa wakiumwa. Ng'ombe hakuwahesabu kwa tarakimu. Aliwatazama mara moja tu wakiingia zizini, akasema, "Yule mwekundu mwenye baka jeupe hayupo," na kweli akawa hayupo.

Alikuwa na huzuni moja, ambayo aliieleza mara chache. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyanda za Basotu zililimwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, na mwishowe yakafika karibu eka 100,000. Nchi ilihitaji mkate, na mimi sibishani na hilo. Lakini ardhi ile haikuwa pori tupu kama ilivyodhaniwa. Mabonde yale yenye rutuba, ambayo Babu aliyaita muhajega, ndiyo yaliyokuwa malisho bora ya mwaka. Tena kulikuwa na makaburi ya wazee wenye heshima, yale vilima vya udongo tuviitavyo bung'eda, ambavyo hujengwa kwa miezi mingi na watu wa koo nyingi. Baadhi yake yalipitiwa na majembe ya trekta. Babu alikuwa kijana wakati huo. Alisema, "Walioweka mipaka hawakutuuliza, kwa kuwa walituona hatujui kusoma."

Sasa nafika kwenye kosa langu. Mwaka 2023 nilipoanza Kidato cha Kwanza, Babu aliuza dume moja ili nipate godoro, sanduku na sare. Katika muhula ule ule alikuja kunitazama. Alikuja na shuka yake, viatu vya matairi na fimbo, na mkononi alishika kibuyu cha maziwa. Wenzangu fulani walikuwa wakinitania kwa kuniita Mang'ati, neno ambalo asili yake ni Kimasai na maana yake ni adui. Basi walipomwona mzee amesimama langoni waliniuliza, "Yule ni nani?" Nikajibu, "Ni mtu tu wa kijijini kwetu."

Babu alikuwa karibu, na Kiswahili cha kiasi hicho alikijua. Hakusema neno. Alinipa kibuyu, akaniuliza kama nalala vizuri, kisha akaenda zake kutafuta gari la kurudi Katesh. Maziwa yale sikuyanywa, kwa kuogopa kuchekwa.

Likizo ya Desemba nikarudi nyumbani. Hapa yanipasa kueleza habari ya korongo. Karibu na nyumba yetu lipo korongo kavu lishukalo kutoka mlimani. Baba yangu mdogo alitaka kujenga hapo, kwa kuwa ni karibu na barabara na mchanga haununuliwi. Babu alimkatalia. Baba mdogo akasema, "Mzee, tangu nizaliwe sijaona maji hapa." Babu akamwonyesha mawe makubwa yaliyotapakaa pale, mengine yakimzidi mtu kimo, akasema, "Mawe haya hayakuja kwa miguu. Kuna aliyeyaleta, naye anaijua njia." Baba mdogo akanuna, lakini alijenga juu, kwenye mwinuko.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo yakashuka mpaka Gendabi na mjini Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi walipoteza nyumba na mifugo. Hakuna asiyekumbuka msiba ule, na baadhi ya wasomaji wa gazeti hili walifiwa. Korongo letu nalo lilijaa tope toka ukingo hata ukingo. Nyumba ya baba mdogo ilisalimika na watoto wake wote.

Ndugu wasomaji, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba waliofikwa na maafa walikuwa na kosa. Wengi hawakuwa na mahali pengine pa kujenga, wala hawakuwa na mtu wa kuwaonya. Wala sisemi kwamba wazee hawakosei. Babu huyu huyu alimkatalia dada yangu mkubwa kwenda sekondari, akaja kujuta baadaye, na majuto yake ndiyo yaliyouza lile dume. Ninalosema ni kwamba muhula uliofuata, mwalimu wetu wa Jiografia alipotufundisha jinsi maji yanavyobeba mawe na kuyatua, nilishtuka. Somo lile nilikwisha kulisikia korongoni, kwa mtu niliyekuwa nimemkana langoni.

Niliazimia kumwomba radhi. Kila likizo nilisema nitafanya kesho. Babu alifariki mwaka 2024, mimi nikiwa bwenini, na sikuwahi kumwambia. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu ni zima, lakini kuna kitu kingine kilichovunjika, na hakuna wa kukiunga.

Basi, maoni yangu ni mawili. La kwanza: katika shule hii tumo watoto wa Wairaqw, Wadatoga, Wanyaturu, Warangi na Wahadzabe. Lugha zetu ni za asili mbalimbali kabisa, na ni sehemu chache za Afrika zenye mchanganyiko kama huu. Tuache kuitana majina ya dharau. Mzee akija langoni, awe na shuka au suti, aliyezaliwa kwake atoke mbele na aseme kwa sauti, "Huyu ni babu yangu."

La pili: naomba gazeti letu litenge ukurasa mmoja kila muhula. Kila mwanafunzi aendapo likizo amwulize mzee wake jambo moja la mahali anapoishi: jina la korongo na habari zake, majani ya dawa ya ng'ombe, makaburi yalipo, mwaka wa njaa na jinsi walivyopona. Aandike na jina la mzee huyo. Walimu wa Jiografia na Historia watusaidie kupima lipi ni sahihi na lipi si sahihi. Nchi ikishaandikwa na watu wake, atakayekuja kuweka mipaka hatasema kwamba aliikuta tupu.

Wenzangu ambao babu na bibi zenu wangali hai, likizo i karibu. Msingoje kesho kama mimi. Mkipewa maziwa, nyweni.