Mwatembea kwa Nani?

Kila Jumamosi tangu Septemba, sisi wawili tunapanda metro namba 5 mpaka kituo cha mwisho, Herrmann-Debroux, na kutoka hapo tunaingia msitu wa Soignes, ambao Waflemi wanauita Zoniënwoud. Tunatembea mpaka miguu iume, tunakula chapati zilizopoa tukiwa tumeketi juu ya gogo, kisha tunarudi mjini kabla ya giza. Hatutafuti kuni, hatuchungi mbuzi, hatufupishi njia ya kwenda popote. Sote ni wageni Brussels. Mmoja alikulia Antwerp, mwingine Liège, na tulitaka kuujua mji huu kwa namna nyingine zaidi ya kukaa darasani na kununua ndizi Matonge.

Baadhi ya wanachama wametucheka. "Mmeshakuwa Wazungu kamili," alisema mmoja alipoona viatu vyetu vyenye tope mlangoni mwa ukumbi. Tunataka kumjibu, na tukimaliza tuna ombi kwa chama.

Kicheko hicho hatukipuuzi, maana hata wazazi wetu hawatuelewi, na wao wana sababu nzito zaidi. Mmoja wetu ni wa wazazi wa Mombasa. Alipompigia baba simu kumwambia tunakwenda kutembea, mzee aliuliza swali ambalo Mswahili yeyote angeuliza: "Mwatembea kwa nani?" Kwake yeye kutembea ni kwenda kwa mtu. Unavaa vizuri, unabisha hodi, unaletewa chai, unaulizwa habari za nyumbani. Kumwambia mtu kama huyo kwamba unatembea kwenye miti ni kama kumwambia umealikwa harusini na hakuna bwana wala bibi harusi. Alinyamaza, kisha akauliza: "Na huyo mwenzio ni nani?" Swali hilo la pili lilichukua muda mrefu zaidi kujibiwa, na halihusiani na makala haya.

Mama wa Liège hakucheka wala hakuuliza kwa nani. Alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Pori haiko fasi ya kutembea." Tulidhani anatuonea huruma kwa baridi. Ilipita miezi miwili kabla hajaeleza. Mwishoni mwa Oktoba 1996, vita vilipoingia Bukavu, alikuwa na miaka 17. Alitoka mjini kwa miguu pamoja na shangazi yake, wakafuata barabara inayopita Miti na kukata hifadhi ya Kahuzi-Biega kuelekea Walikale. Lango la hifadhi hiyo liko karibu kilomita 30 tu kutoka mjini. Utoto wake wote alikuwa akiiona milima ile kwa mbali bila kufika; ilikuwa ya watalii wanaokwenda kutazama gorila. Siku alipoingia, aliingia akikimbia, na godoro kichwani. Kwa watu wa Kivu neno "pori" halileti picha ya ndege na hewa safi. Ukiambiwa fulani yuko porini, unajua ana bunduki, au wenye bunduki wamemchukua.

Sasa mtoto wake anampigia simu kumwambia kwamba anaingia porini kwa hiari, kila Jumamosi, bure. Tungekuwa yeye, na sisi tungekasirika.

Hata hivyo hatukubali kwamba msitu ni mali ya Wazungu. Tujiulize ulivyopata kuwa wao. Kahuzi-Biega ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, na Wabatwa waliokuwa wakiishi humo tangu zamani wakatolewa. Watu waliojua kila mti kwa jina wakageuzwa wavamizi, na aliyeruhusiwa kutembea akawa mgeni mwenye tiketi. Mwaka 1980 hifadhi hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Sehemu za msitu wa Soignes ziliingia katika orodha hiyohiyo mwaka 2017. Huku hakuna lango wala tiketi. Ni zaidi ya hekta 4,000, zilizogawanyika kati ya mikoa mitatu ya Ubelgiji, mikoa ambayo kwa kawaida haikubaliani hata juu ya rangi ya mbingu. Jumapili utakuta wazee, mbwa, farasi, na watoto wa skauti wakiimba vibaya. Watu wa Matonge utawaona wachache mno, ingawa ni mwendo mfupi wa basi na metro. Hakuna aliyewakataza.

Na anayesema kupenda msitu si desturi yetu, tunamkumbusha Nairobi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda miti Karura, wakati ardhi ya msitu huo ilikuwa imegawiwa watu wa kujenga majumba. Leo wakazi wa Nairobi wanatembea na kukimbia humo kila wikendi, na hatujasikia kwamba wamebadilika rangi.

Walimu wetu wapendwa, hapa tunawaomba mtege sikio. Kiswahili tulichorithi ni cha jikoni, cha kanisani au msikitini, na cha kugombezwa. Tunajua "osha vyombo" tangu tukiwa na miaka mitatu. Lakini siku ya kwanza msituni tulijikuta mabubu. Ule unaofunika shina la mti unaitwaje? Mahali ambapo njia inashuka? Kile kijimto kidogo? Tulirudi nyumbani na orodha, tukafungua kamusi, na Jumamosi iliyofuata tulikuwa na gome, mteremko na kijito. Tope lilituletea ugomvi mtamu: wa Mombasa anasema matope, wa Bukavu anasema potopoto, na baada ya mvua ya Novemba wote wawili tulikubaliana kwamba potopoto ndilo linalofanana zaidi na sauti ya kiatu kikizama. Mti ulio mwingi kuliko yote humo, ambao Wafaransa wanauita hêtre, hatukuupatia jina, maana haukui Afrika Mashariki. Gome lake ni laini na la kijivu, kwa hiyo sisi tunauita mti-tembo. Tunasubiri kusahihishwa.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulitarajia. Darasani unazungumza ukiwa umemkabili mwalimu, na ukikosea ngeli unaona uso wake. Njiani mnafuatana, mmoja nyuma ya mwingine, na unazungumza na mgongo. Makosa yanaanguka kwenye majani makavu na hakuna anayeyaokota. Sisi wawili, ambao kwa kawaida tukichoka tunakimbilia Kifaransa, tumewahi kumaliza saa tatu nzima bila kukimbia. Hiyo haijawahi kutokea ukumbini, na tunasema hivyo kwa heshima zote.

Mama alikuja mara moja tu, mwezi Machi. Alivaa viatu vya kanisani. Karibu na Rouge-Cloître, pale penye mabwawa, bado unasikia magari ya barabara kuu, na tuliona kwamba kelele ile ilimtuliza. Tulipoingia ndani zaidi alianza kutembea haraka, mbele yetu, kama mtu anayechelewa, na kila baada ya muda aliuliza zimebaki kilomita ngapi. Aliona uyoga kwenye gogo akainama kuuchuma. Tulimwambia ni marufuku kuchuma uyoga humu. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kuingia bure, uyoga hapana," alisema.

Siku hiyo tuliuvuka msitu mpaka Tervuren, mahali lilipo jumba la makumbusho la Afrika. Huko mwaka 1897 Leopold II aliweka sehemu ya Kongo ya maonyesho ya dunia ya Brussels. Wakongo 267 waliletwa, na wengi wao waliwekwa katika vijiji vya maonyesho kando ya maji ya bustani ili watazamwe. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba walifariki, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohana, hatua chache kutoka kwenye maduka. Mama alisoma majina kwa sauti, polepole: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Kisha akakaa kwenye ukingo akavua kiatu kimoja, akakiangalia. Hatukuzungumza mengi. Tulirudi kwa tramu namba 44, inayopita katikati ya miti na kuifuata barabara ndefu ya Tervueren, ambayo nayo ilijengwa kwa ajili ya maonyesho yale.

Jioni ile tulimpigia baba simu Antwerp, tukamwambia sasa tunajua tulitembea kwa nani.

Hapa sisi wawili tunatofautiana, na ni haki mjue. Mmoja wetu anaona kwamba jibu hilo limetosha: matembezi yetu yawe ziara, tuwe na tunaowaendea, na tukipita Tervuren tusimame pale kanisani kila mara. Mwingine anaona kwamba tukikubali hivyo tutakuwa tumejinyima tena. Jirani yetu Mbelgiji hutembea na mbwa wake bila kuombwa sababu. Mpaka lini sisi tukitaka kupumua tulete kwanza cheti cha historia? Mama alitembea kwa sababu ya vita, bibi alitembea kwa sababu ya maji, na huyu mmoja wetu anataka angalau mtu mmoja katika ukoo atembee kwa sababu asubuhi ilikuwa nzuri. Tumelibishana jambo hili kilomita nyingi, na bado.

Ombi letu kwa chama ni moja. Kikao cha mwisho cha kila mwezi kitoke ukumbini. Tukutane Jumamosi saa nne asubuhi mbele ya kituo cha Herrmann-Debroux, wanachama na walimu, tutembee mpaka Tervuren, na Kifaransa na Kiholanzi vibaki kwenye metro. Hakuna haja ya kununua viatu vya bei kubwa. Raba za kawaida zinatosha, mradi usizipende sana. Leteni soksi za akiba kwa ajili ya malengelenge. Chapati tutaleta sisi kwa mara ya kwanza, baadaye tutapokezana zamu.

Mama amesema huenda akaja. Ameuliza kama pale Tervuren kuna mahali pa kuuza maua.