Kutoka Kolwezi mpaka Kariakoo: tulilala wapi



Tangu tuliporudi Dar es Salaam mmetusimamisha sokoni, mmetusimamisha nje ya kanisa, na swali ni lile lile: mlilala wapi, mlilipa ngapi? Leo tunajibu. Tutajibu pia swali la pili, lile ambalo hamtuulizi usoni, juu ya dola 300 za likelemba ambazo mwenzetu alizipoteza njiani.

Tulikuwa watatu: muuza vikwembe, fundi wa kushona sare za shule, na mwalimu anayeshika kalamu hii, maana ilikuwa likizo kubwa. Tuliondoka Kolwezi alfajiri, tukapita Likasi, na jioni tukafika Lubumbashi tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Usiku wa kwanza tulilala kwa masista. Nyumba za namna hii zipo Lubumbashi na katika miji mingi ya njiani, lakini lazima upige simu mapema, kwa sababu vyumba ni vichache na wageni wa misioni hutangulia. Chumba ni kitanda, meza, msalaba ukutani, basi. Fundi wetu alinung'unika kwamba hakuna televizioni na kwamba geti linafungwa mapema kama la bweni la wasichana. Lakini shuka zilipigwa pasi, maji ya moto yalikuwepo katika ndoo, na asubuhi tulipewa chai na mkate bila kuongezewa bei. Tulilala kama watoto.

Usiku wa pili ndio wenye maneno. Kasumbalesa tulifika giza limeshaingia, kwa sababu ya mlolongo wa malori ya shaba ambao nyote mnaujua. Kuvuka ilikuwa haiwezekani tena. Kijana mmoja alituonyesha nyumba yenye rangi mpya, chumba kimoja kwa watu watatu, dola 10. Jina la nyumba hatuliandiki. Tulifurahia bei, hatukuuliza sababu yake. Sababu tuliijua usiku: vyumba vile huuzwa kwa saa, watu waliingia na kutoka mpaka asubuhi, na mara mbili mkono wa mtu ulijaribu kitasa chetu. Tulisukuma kitanda mpaka mlangoni tukakaa macho.

Asubuhi, kwa kuwa jua limetoka, tulijiona tumeokoka. Wawili tulitoka kutafuta mikate na kubadilisha makuta. Mwenzetu alifunga mlango kwa ufunguo, akaenda kuoga nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapana hata msumari wa kutundika mkoba. Kwa hiyo mkoba aliuacha chini ya godoro. Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa vile vile, mkoba mahali pake, bahasha hakuna. Tulimkuta amekaa chini kwenye saruji, taulo begani, sabuni bado masikioni.

Ndipo fundi alichukua ufunguo wetu akaujaribu mlango wa jirani. Ukafunguka. Akajaribu wa tatu. Ukafunguka. Mwenye nyumba alituonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: mali isiyokabidhiwa kwake, yeye haijibii. Karatasi ilikuwepo kweli. Sisi wenye kufundisha watoto kusoma hatukuisoma.

Tunaandika haya kwa sababu tumesikia yanayosemwa: eti mama yule alikula makuta ya wenzake, eti mwizi gani huyo anayefunga mlango akiondoka. Huyo huyo, bamama. Ufunguo ule tuliushika kwa mikono yetu.

Mwenzetu alitaka kurudi Kolwezi siku ile ile. Tulibishana kando ya malori, na watu wakitutazama. Fundi alisema neno ambalo lilitushinda: ukirudi sasa, unarudi na deni bila kitu cha kulilipia. Tukapunguza mahitaji yetu, tukamkopesha kila mmoja sehemu, tukavuka. Na tangu hapo hatukuchagua tena chumba kwa rangi ya ukuta.

Kitwe tulikwenda Mindolo, kwenye kituo cha makanisa kilichoanzishwa mwaka 1958. Pale kuna miti, kuna ukimya, na mlinzi getini aliyetuita bamayo. Kibemba chetu cha Katanga kilitosha kabisa. Kuna pia maktaba yenye jina la Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, Septemba 1961, akienda kuzungumza na Tshombe juu ya vita vya Katanga yetu. Mwalimu alitaka kubaki humo siku nzima. Wenzake walimvuta kwa mkono.

Kutoka Kapiri Mposhi ipo reli ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam. Ukipata treni, unalala humo humo na kuokoa pesa ya gesti, na katika vyumba vya kulala wanawake huwekwa peke yao mbali na wanaume. Sisi hatukubahatika. Treni ya abiria husimama mara kwa mara, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuipangia. Tulichukua basi mpaka Nakonde, tukavuka Tunduma kwa miguu.

Hapo Kiswahili kinarudi, lakini si chetu. Tuliuliza "oteli ya bei ndogo", kijana akatupeleka mahali pa wali na maharagwe! Kule, kibao cha "hoteli" mara nyingi ni pa kula. Pa kulala panaitwa gesti, au nyumba ya kulala wageni. Chumba chenye choo na bafu ndani wanakiita "self", na bei yake ni ya juu zaidi. Bukari ni ugali, sombe ni kisamvu, makuta ni hela. Na tazameni saa: sisi na Zambia ni mamoja, Tanzania wametangulia saa moja. Basi letu nusura lituache.

Jambo la kujua kwa wanaotaka kugawana kitanda: gesti nyingine huko hukataa watu wawili wa jinsia moja kulala kitanda kimoja, hata muwe dada wa tumbo moja. Ombeni chumba cha vitanda viwili tangu mwanzo. Utaletewa pia kitabu kikubwa: jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi. Bamama wengine hukiogopa kitabu hicho kama polisi. Sisi tumekipenda. Kasumbalesa hakuna aliyetuandika mahali popote. Kama tusingetoka chumbani asubuhi ile, nani angejua tulikuwa nani?

Dar es Salaam tulilala YWCA, katikati ya mji upande wa Posta. Vyumba ni vya kawaida, feni inalia kama mashine ya fundi, lakini ni nyumba ya kina mama. Chama hicho kilianzia London mwaka 1855, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa hiyo hiyo: kuwapa wanawake walio safarini mahali salama pa kulala. Anayetaka kuwa karibu zaidi na Kariakoo aulize Msimbazi Centre, kule Ilala, ambayo ni ya Kanisa Katoliki. Gesti za Kariakoo kwenyewe ni nyingi, na ukiwa na mzigo ni rahisi kwa miguu, ila kelele haziishi. Na Kariakoo kuna Mtaa wa Kongo, umejaa vitambaa. Tulipiga picha chini ya kibao kama watalii. Watu wa Bunkeya, wakati wa Msiri, shaba yao na pembe zao zilifika pwani kwa miguu ya wapagazi, wakilala kambini porini. Sisi angalau tulikuwa na feni.

Kila tulipolala baada ya Kasumbalesa tulifanya mambo yale yale: kuona chumba kabla ya kulipa, kuujaribu ufunguo wetu kwenye mlango wa jirani mbele ya mwenye nyumba (wengine walikasirika, wakasirike), na kufunga kwa kadena yetu wenyewe pale penye komeo. Makuta yaliingia bafuni pamoja nasi katika mfuko wa plastiki.

Sasa deni. Mwenzetu aliuza vikwembe, akarudisha dola 120. Zimebaki 180, na zamu inayofuata ya likelemba ni ya mama mjane ambaye paa lake linangoja mabati. Mkutano ni Jumamosi. Wapo wanaotaka alipe zote peke yake au atoke. Sisi tulikuwa pale, na tunasema hivi: yeye alipe 90, na sisi wawili tuliomwacha peke yake na mkoba tulipe 60. Dola 30 tunauomba ushirika uzitoe katika sanduku la dharura, kwa kuwa ulimtuma mtu na makuta ya wote bila kumwambia alale wapi. Mabati ya mama yule yasingoje mvua.

Majina ya nyumba tulizolala, na simu zake, tumeyaandika katika daftari lililo darasani kwetu. Kadena pia ipo. Anayesafiri mwezi ujao aje aichukue baada ya masomo. Funguo zake ni mbili, na zote tunazo.