Bastola ya watoto na mama wa butiki



Kisha Bonane tulipata mgeni nyumbani. Mjomba wa watoto alirudi safari na kisanduku kizuri cha kartoni, akampa kijana wetu wa miaka 14 kama zawadi ya siku kuu. Ndani mlikuwa bastola. Ya kuchezea, alisema. Nyeusi, ya chuma, nzito mkononi, na ile sehemu yake ya juu inarudi nyuma kila inapopiga, sawasawa na zile tunazoziona viunoni mwa askari.

Tuseme kweli: tulifurahi. Siku ya Mungu, tulipotoka kanisani, tulipanga mikebe mitupu ya tomate juu ya ukuta wa parsele, kila mtu akajaribu. Baba yao alikosa mara sita. Sisi tuliangusha mikebe mitatu, na watoto wanatukumbusha mpaka leo. Mchezo wenyewe una mafundisho yake: kutulia, kupumua pole pole, kuvuta kidole bila kutetemesha mkono. Mtoto asiyeweza kukaa dakika tano mbele ya daftari alisimama pale karibu saa nzima.

Lakini mikono yetu ya ualimu ilitaka kujua kitu kile kinafanyaje kazi. Hakina baruti. Katika mpini munaingia kichupa cha chuma chenye gramu 12 za gazi, ile ile inayotoa povu katika Fanta. Gazi inasukuma kidonge cha chuma cha milimita 4.5, kidogo kuliko punje ya hindi. Bastola nyingi za aina hii zinakirusha kupita mita 100 kwa sekunde moja. Na chuma hakibondeki kinapogonga kitu kigumu, kinarudi. Kidonge kimoja kiligonga tofali, kikarudi, kikapiga beseni nyuma yetu sote. Dakika kumi mbele yake, mtoto wetu wa mwisho alikuwa akiogeshwa katika beseni ile.

Kingepiga jicho, tungeongea mengine leo. Kidonge kama hicho kinaweza kupasua jicho. Na kisipolipasua, damu inaweza kujaa ndani, na miezi au miaka kisha, jicho likaingiwa na ukungu. Jicho lililopigwa halisuguliwi, halikandamizwi, haliwekewi majani. Linafunikwa na kitu kigumu kisicholigusa, kama kikombe kidogo, na mtoto anapelekwa hospitali siku ile ile, hata kama anasema hasikii maumivu.

Kwa hiyo tulitundika blanketi nzito la zamani mbele ya ukuta ili lizuie vidonge, mikebe tukaining'iniza kwa kamba. Kila mtu anavaa miwani ya kazi, ile ya mafundi wa kusudia, na hakuna mtu mbele ya anayepiga. Vichupa vya gazi tuliviondoa jikoni, maana karibu na mbabula vinaweza kupasuka. Tukaona tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Kazi tatu jioni umeme ulikatika, tukamtuma kijana kununua mikate na mishumaa. Bila kutuambia, alichomeka bastola kiunoni amwonyeshe rafiki yake. Kwenye butiki aliinua mkono apokee mishumaa, shati likapanda. Mama wa butiki aliona. Aliinua mikono yake yote miwili, kisha akamsukumia kikopo cha makuta. Kijana alicheka kwanza. Alipoona uso wake, alikimbia akaacha na mikate.

Tulikwenda naye usiku ule ule. Alipiga magoti, akasema: "Mama, munisamehe, ilikuwa ya kuchezea." Mama yule alimwinua, akamwambia, "Mwanangu, hakuna neno." Kisha akatugeukia sisi: "Mwalimu, kitu kama kile kiliisha kuingia kwangu mara mbili usiku. Ningejuaje ya kuwa hiki ni cha mtoto?"

Hatukuwa na jibu. Na kama angekutana na patrouye ya usiku, si mama wa butiki? Huko Marekani, katika mji wa Cleveland, tarehe 22 novemba 2014, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akicheza uwanjani na bastola ya mfano, yenye kurusha vidonge vya plastiki. Kwa kawaida ile inakuwa na rangi ya machungwa kwenye mdomo, lakini ya kwake ilikuwa imeondolewa. Mtu aliyeita polisi alisema labda si ya kweli. Neno hilo halikuwafikia polisi waliotumwa. Walifika, na mbele ya sekunde mbili kupita mmoja alikuwa amempiga masasi. Alikufa kesho yake. Na huko si inchi ambamo kila avenyu inajua sauti ya bunduki.

Wamama wengine wametushauri tuitupe chooni. Tulifikiri. Lakini yenye kutupwa vibaya inaweza kuokotwa, na tunajua nani angefurahi kuiokota. Sasa iko katika sanduku la chuma, ufunguo uko kwetu. Inatoka siku ya posho tu, mchana, mlango wa parsele ukiwa umefungwa, na majirani wameambiwa. Mdomo wake tuliupaka verni nyekundu ya kucha. Kijana alilalamika kwamba imekuwa mbaya kutazama. Tukamwambia ndivyo tulivyotaka, na kwamba hata hivyo haitavuka mlango. Mjomba naye tulimpigia simu, hakufurahi sana.

Mama wa butiki alikataa zawadi yetu ya unga. Kijana anamsaidia kuingiza mifuko ya makala jioni, na wanaongea vizuri. Lakini kila anapoingia, mama yule anamtazama kwanza kiunoni.